Gari Lililopakwa Mafuta ya Papa

Mtu akitaka kwenda nyumbani kwa Madi, mtaa wa Langoni katika mji wa Amu, ndio Lamu, hana haja ya kuuliza. Harufu itampeleka. Madi alikuwa fundi wa kalafati. Kila asubuhi alikwenda pwani na mfuko wake wa patasi na nyundo. Aliziba nafasi za mbao za majahazi kwa pamba, kisha akazipaka sifa. Sifa ni mafuta ya maini ya papa. Hulinda mbao zisiliwe na maji ya chumvi. Ni mafuta mazuri, lakini hata aliyezaliwa pwani huziba pua yake.

Paka wa Amu walimjua Madi kuliko walivyomjua imamu. Alipopita kichochoroni walimfuata nyuma mpaka mlangoni. Umi, mkewe, alimwekea ndoo ya maji na sabuni nje ya nyumba. Hakumruhusu kuingia mpaka anawe.

Nasema habari za mwaka 1955. Mwaka ule Madi alikuwa na jambo jipya. Alikuwa amenunua gari, pikapu kuukuu, kwa mkulima mmoja wa Witu. Amu hakuna kazi ya gari, kwa kuwa vichochoro vyake hata punda wawili hupishana kwa taabu. Basi gari lilikaa bara, Mokowe, ng'ambo ya maji. Madi alilitumia kuchukua boriti, embe, magunia ya nazi, na watu.

Alilipenda mno. Hakuliita gari, aliliita chombo. Kila alipomaliza kupaka jahazi sifa, alichukua masalio kwenye debe, akavuka nayo hadi Mokowe, akalipaka gari. Alipaka mlango na chini ya mlango. Alifungua boneti akapaka ndani, kila pahali ambapo burashi yake ilifika.

"Hewa ya huku ina chumvi," aliwaambia watu. "Chumvi hula chuma kama ilavyo mbao. Chombo hakitunzwi kwa maneno."

Paka wa Mokowe walifurahi. Walilala juu ya boneti mchana kutwa. Umi naye alikuwa na lake la kusema.

"Lau ungenitunza mimi kama utunzavyo gari hilo," alimwambia, "hata leo ningekuwa kiyana." Kiyana kwa Kiamu ni kijana.

Sasa tuje kwa Bi Mwanamkisi, mama yake Madi. Alizaliwa Mbwajumali, akaolewa Langoni, na hapo Langoni akawa mjane. Kwa miaka mingi alishona kofia, na kila kofia iliyouzwa aliweka kitu kwa ajili ya safari ya Makka. Macho yake yalianza kuchoka kabla ya akiba kutimia. Mwaka ule ilitimia. Ndugu yake, Badawi, alikubali kwenda naye, kwa kuwa mwanamke hasafiri hija peke yake. Badawi alikuwa mfanyabiashara, naye alikwisha tangulia Mombasa. Kilichobaki ni Bi Mwanamkisi kumfuata.

Ulikuwa wakati wa kusi, na kwenda Mombasa kwa chombo cha tanga wakati wa kusi ni kupigana na upepo usiku na mchana. Mahujaji wa Amu walikodi lori la kuwachukua kutoka Mokowe. Bi Mwanamkisi alikuwa na nafasi yake ndani ya lori lile. Lakini siku ya kuondoka alikuja bibi mmoja wa Kizingitini, mzee kuliko yeye, akakuta lori limejaa. Yule bibi alikaa juu ya sanduku lake.

Bi Mwanamkisi akamwambia dereva, "Mpe huyu nafasi yangu. Mimi mwanangu ana gari."

Lori likaondoka. Madi alipopata habari, alifurahi kwa wema wa mama yake. Lakini hofu pia ilimwingia. Alijua jambo ambalo mama yake hakulijua. Gari lilikuwa linaumwa.

Lilianza polepole. Gari likisimama huku injini inanguruma, lilitetemeka. Kisha ikaja kelele, ka-ka-ka, kutoka chini ya boneti. Kila mtu wa Mokowe alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema petroli ni mbovu. Wa pili alisema kosa ni kabureta. Wa tatu alisema kosa ni kununua gari la mkulima wa Witu.

Madi aliwasikiliza wote. Kisha akafanya lile ambalo fundi wa majahazi hufanya anaposikia kitu kinalia. Alikikaza. Alichukua kamba ya makumbi, akaifunga injini mizunguko mingi. Palipobaki nafasi alitia kabari ya mti wa mkoko, akaigonga kwa nyundo. Akawasha gari. Kelele ilipungua.

"Limetulia," alisema Madi.

Usimcheke. Kila mtu hulitibu jambo jipya kwa dawa aliyoizoea, na Madi dawa aliyoizoea ilikuwa kamba na kabari.

Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, Madi na mama yake walivuka hadi Mokowe. Meli ya mahujaji ilikuwa iondoke Mombasa Jumamosi. Safari ya gari ni siku mbili, kwa kuwa barabara ni mbaya na kuna vivuko. Wakienda vizuri, wangefika Mombasa Ijumaa usiku. Wakichelewa, meli ingeondoka. Hakukuwa na meli nyingine mwaka ule, na Bi Mwanamkisi hakuwa na hakika ya mwaka wa pili.

Madi aliweka sanduku nyuma, akamfukuza paka, akawasha gari. Gari likatetemeka lote, mpaka buibui la Bi Mwanamkisi likacheza mabegani.

"Mwanangu," aliuliza, "gari lako lina homa?"

"Ni baridi ya asubuhi, mama. Likipata moto litatulia."

Halikutulia. Kila walipopunguza mwendo kwenye mchanga, injini ilikohoa ikazima. Madi aliwasha tena, ikazima tena. Kamba zilikuwa zimekaza, lakini sasa mtetemeko ulikuwa umehamia kwenye mlango, kiti na kioo. Walipofika kijiji cha Hindi, karibu na kambi ya watengeneza barabara, gari lilizima na Madi hakuwasha tena. Aliweka mikono yake magotini.

"Mama," alisema, "nisamehe. Siyui litafika."

Bi Mwanamkisi alitazama mbele, barabara inakokwenda.

"Shuka uulize," alisema mwishowe. "Barabarani hapa hakukosi mwenye kuyua."

Mwenye kujua alikuwapo. Aliitwa Jeilani, mtu wa Siu, kisiwani Pate, dereva na fundi wa lori la barabara. Wakati wa vita alikuwa jeshini, akapelekwa Burma, na huko ndiko alikojifunza kazi ya injini. Miaka ya jeshi ilikuwa imemfunza Kiswahili cha watu wa kila pahali. Alikuwa amekaa kando ya lori lake, anakunywa kahawa.

"Karibu, Bwana Madi," alisema. "Nililinusa gari lako kabla ya kulisikia, na nililisikia kabla ya kuliona."

Madi alimweleza habari za mama yake na meli. Jeilani aliweka kikombe chini. Alikwenda kumwamkia Bi Mwanamkisi kwa heshima, akiinamisha kichwa.

"Mwanangu Jeilani," alisema Bi Mwanamkisi, "niambie kweli. Gari hili litanifikisha?"

"Siwezi kusema, mama, mpaka nilisikilize. Lakini nitakwambia kweli."

Madi alikuwa na haraka. "Tutie kabureta nyingine," alisema. "Au plagi. Au tumwaye petroli hii tutie mpya. Fanya yote kwa pamoya."

"Tukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja," alijibu Jeilani, "gari likapona hatutajua kilichoponya. Likizidi ugonjwa, hatutajua kilichozidisha. Tutatazama kimoja kimoja. Kwanza nipe habari. Lini linatetemeka? Likiwa limesimama au linakwenda?"

"Likisimama. Likienda mbio hutulia kidogo."

"Likiwa baridi au likiwa moto?"

"Yote mawili."

"Na kelele ilianza ghafla, labda baada ya kuanguka shimoni?"

"La. Ilikuya polepole, tangu masika."

"Vizuri," alisema Jeilani. "Mgonjwa akieleza, mganga hupata pa kuanzia."

Hakugusa spana. Alianza kwa macho. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akaona oili inatosha. Alitazama maji ya rejeta, yalitosha. Kisha alitia petroli kidogo katika chupa nyeupe, akaiweka juani.

"Petroli ikiwa na maji, maji hukaa chini yake, utayaona kwa macho," alimwambia Madi. "Tazama. Hakuna maji. Basi habari ya petroli tuiache. Sasa fungua kamba hizi."

"Nikizifungua kelele itazidi."

"Nataka izidi. Mgonjwa aliyefungwa mdomo hasemi kinachomuuma." Jeilani alicheka, lakini alipoona uso wa Madi aliacha kucheka. Akasema kwa upole, "Sikiliza, ndugu yangu. Jahazi ni lazima mbao zake zishikamane. Injini si hivyo. Injini imekalishwa juu ya vipande vya mpira, kusudi mtetemeko wake uishie pale pale. Ukiifunga kwa kamba na kabari, mtetemeko unapita kwenye gari zima. Ungefika Garsen na mabomba yamepasuka."

Madi alikata kamba zake mwenyewe. Aling'oa kabari moja baada ya moja.

"Kaza kikoi chako," alisema Jeilani. "Na mama, tafadhali, buibui lisikaribie mbele. Feni hii haijui nguo wala kidole. Haya, washa."

Gari likawaka, na sasa kelele ilikuwa kubwa. Jeilani alichukua kitambaa kikavu, akakikunja mara nyingi.

"Injini hii ina silinda nne," alisema. "Ni kama hamali wanne wanaobeba mzigo mmoja kwa mti wa mpiko. Mmoja akiacha kubeba, mzigo unayumba. Ndiyo maana gari linatetemeka. Tunamtafuta asiyebeba. Kila silinda ina plagi yake, na kila plagi ina waya wa kuiletea umeme. Nitatoa waya mmoja mmoja. Usijaribu kwa mkono mtupu, utapigwa vibaya."

Alitoa waya wa kwanza. Injini ikazidi kuyumba.

"Huyu alikuwa anabeba," alisema, akaurudisha. Alitoa wa pili, na injini ikayumba vile vile. Alitoa wa tatu. Injini haikubadilika hata kidogo.

"Ndiye huyu," alisema Madi.

"Subiri tumalize." Alitoa wa nne, injini ikayumba. "Sasa sema."

"Wa tatu habebi," alisema Madi. "Plagi yake imekufa."

"Huenda. Lakini tusimzike mtu kabla hajafa. Zima gari."

Jeilani alifungua plagi ya tatu na plagi ya kwanza, akazibadilisha pahali. Wakawasha, wakajaribu tena. Silinda ya kwanza ilifanya kazi vizuri, ijapokuwa sasa ilikuwa na plagi ya mwenziwe. Ya tatu bado ilikuwa imelala.

"Unaona? Kama kosa lingekuwa plagi, ugonjwa ungehama pamoja nayo. Haukuhama. Plagi ni nzima. Ungenunua mpya, ungetupa fedha yako."

Madi alianza kusahau haraka yake. Alisogea karibu zaidi.

"Basi ni waya," alisema.

"Nami nadhani hivyo. Lakini kudhani hakutoshi. Tunataka giza."

Alileta turubali la lori, wakalitandaza juu ya boneti iliyo wazi, mbali na feni, wakaingiza vichwa chini yake. Injini ilikuwa inanguruma. Mara sauti ikasikika nyuma yao.

"Na mimi nataka kuona kinachonizuia," alisema Bi Mwanamkisi.

Alikaza buibui lake, wakampisha. Chini ya turubali kulikuwa na giza. Wakaona cheche ndogo ya buluu, inaruka kutoka kwenye waya wa tatu na kupiga chuma kilicho kando yake. Iliruka, ikapotea, ikaruka.

"Umeme wa plagi huo," alisema Jeilani. "Unamwagika ndiani, haufiki." Kwa kusahau alikuwa amesema Kisiu chake, maana ndia kwao ni njia.

Alizima gari, akaubinya waya kwa vidole. Mpira uliouzunguka ulikuwa umevimba na umelegea, laini kama halua. Jeilani alinusa vidole vyake. Akamtazama Madi.

"Hii ni nini?"

"Ni sifa," alisema Madi. "Nilipaka ili chumvi isile."

"Ulipaka mpaka waya?"

"Nilipaka kila pahali."

Jeilani hakumkemea. Alichukua kijiti kirefu kikavu. Aliwasha gari, akaweka ncha moja kwenye chuma cha injini, ncha ya pili kwenye sikio lake. Alihamisha kijiti hapa na pale. Akampa Madi. "Sikiliza mwenyewe. Pahali kelele inapozidi, ndipo ilipo."

Madi alisikiliza juu, akasikiliza katikati. Aliposogeza kijiti chini upande wa kushoto, penye mguu wa injini, kelele ikajaa sikio lake. Wakazima gari, Jeilani akainua injini kidogo kwa mtaimbo. Kile kipande cha mpira kilichokuwa chini ya mguu ule kilikuwa kimebonyea na kutoka kando. Chuma kilikuwa kinapiga chuma.

"Kelele yako ndiyo hii," alisema Jeilani. "Umeona, magonjwa yalikuwa mawili. Mtetemeko ni wa waya, kelele ni ya mpira huu. Lakini sababu ni moja. Mbao ikinywa sifa hupata nguvu. Mpira ukinywa sifa huvimba, ukaoza. Mafuta na mpira hawakai nyumba moja."

Madi alikaa chini mchangani. Alikuwa mtu mwenye kuheshimiwa kwa kazi yake. Manahodha walimngoja yeye tu. Sasa machozi yalimlengalenga, naye hakuyaficha.

"Nimelitilia sumu kwa mkono wangu," alisema, "na huku nadhani nalitunza. Nimekuharibia safari, mama."

Bi Mwanamkisi alimwekea mkono begani. "Ulilitunza kwa elimu uliyokuwa nayo. Sasa ongeza elimu. Inuka, yua halitungoyi."

Jeilani alikuwa na waya wa akiba katika sanduku lake la spana. Alimpa Madi bila kusita. Lakini kipande cha mpira cha kukalishia injini hakuwa nacho.

"Hivyo huuzwa Mombasa," alisema.

"Mombasa ndiko twendako," alisema Bi Mwanamkisi.

Jeilani alitazama huku na huku, akaona tairi kuukuu la lori nyuma ya kambi.

"Tairi lile ni gumu," alisema. "Tukipata kipande chake kilichokatwa sawasawa, kikakaa bila kucheza, kitawafikisha Mombasa. Lakini kikipinda, injini itapinda. Mimi mkono wangu ni wa spana. Sijui kukata kitu kikakaa sawa."

Madi aliinuka. Alikwenda garini, akarudi na mfuko wake wa kalafati.

"Nipa kipimo," alisema.

Nisikilize hapa, msomaji. Mtu akikosea katika kazi isiyo yake, si kwamba hana kazi. Madi alipima nafasi ile kwa kijiti na uzi, kama anavyopima nafasi ya ubao. Alilowesha patasi kwa maji ya sabuni ili ipite ndani ya mpira bila kukwama. Alikata, akajaribu, akapunguza kidogo, akajaribu tena. Kipande kiliingia mahali pake vizuri, ukucha haukuweza kupita kando. Jeilani alikaza nati, akatikisa injini kwa mikono miwili.

"Hata kiwandani wasingekata hivi," alisema, na alisema kweli.

Kisha waliosha. Walitumia maji ya moto na sabuni, wakatoa sifa yote iliyokuwa karibu na nyaya na mipira, wakakausha kwa kitambaa. Jeilani alilala chini ya gari akatazama mipira ya breki, kwa kuwa hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Ilikuwa mikavu na mizima. Burashi ya Madi haikuwahi kufika huko.

"Alhamdulillahi kwa uvivu wangu," alisema Madi.

"Mpira wa rejeta umeanza kulegea," alisema Jeilani. "Utafika, lakini ubadilishe Mombasa, pamoja na hiki cha tairi. Na chumvi ikikusumbua, osha gari kwa maji ya kisima, likaushe. Ukitaka kupaka mafuta, paka chuma kitupu tu, kidogo, mbali na mpira, mbali na nyaya, na mbali na breki."

Madi akawasha gari. Jeilani alichukua kikombe cha kahawa kilichokuwa kimepoa, akakiweka juu ya bati lifunikalo gurudumu. Injini ilikuwa inanguruma, gari limesimama. Kahawa ilicheza kidogo tu, haikumwagika hata tone. Bi Mwanamkisi alikitazama kikombe kile kwa muda, kisha akaanza kusoma dua kimya kimya, midomo inatikisika.

Madi alitaka kumlipa. Jeilani alikataa.

"Mama anakwenda nyumba ya Mungu," alisema. "Mwambie aniombee. Haya, nendeni."

Waliondoka adhuhuri imekwisha ingia. Walilala Garsen, na asubuhi wakavuka mto Tana. Kila waliposimama, Madi alifungua boneti akasikiliza. Hakufunga kitu na hakupaka kitu.

Walipokuwa karibu na Malindi, Bi Mwanamkisi alimwuliza, "Huyu Jeilani, mamake yu hai?"

"Mekufa zamani," alijibu Madi. "Alikuwa Siu, akiitwa Bi Khairiya. Alikufa mwana yuko Burma vitani. Habari ilimfika Jeilani baada ya miezi, na aliporudi alikuta kaburi."

Bi Mwanamkisi alilirudia jina lile, Khairiya.

Ijumaa baada ya sala ya isha waliingia Mombasa. Badawi alikuwa amekaa barazani, hajala tangu asubuhi kwa wasiwasi. Siku ya pili, Bi Mwanamkisi alipanda meli. Madi alisimama bandarini mpaka meli ikawa ndogo. Alimshukuru Mungu, na baada ya Mungu alimshukuru mtu wa Siu.

Tangu siku ile, Madi aliiacha sifa pwani, kwa majahazi. Paka wa Mokowe walimwacha, wakatafuta pengine. Gari alilitazama kila asubuhi: oili, maji, nati, mipira. Akisikia sauti ngeni hakukimbilia spana. Alijiuliza ilianza lini, na inalia wapi, kisha akachukua kijiti. Wenye magari wa Mokowe walianza kumwita awasikilizie yao. Aliwaambia, "Tuangalie kimoya kimoya." Na kila mara aliwaambia ni nani aliyemfunza.

Hija ilipokwisha, Madi alikwenda Mombasa kumpokea mama yake. Bi Mwanamkisi alirudi amekonda na uso umetulia. Njiani alisema maneno machache. Walipokaribia Hindi alisema, "Simama kwa Jeilani."

Jeilani alitoka chini ya lori lake, mikono imejaa oili. Alisikiliza gari lilivyosimama, akatabasamu. Bi Mwanamkisi aliteremka, akamkaribia.

"Nilikuombea kwenye uwanda wa Arafa," alimwambia. "Hilo uliniagiza. Lakini nilipomaliza yangu yote, nilitoka tena hadi Tan'im, nje ya Makka, nikanuia ihramu mara ya pili, nikarudi nikamfanyia mamako umra, hija ile ndogo. Nilimtaja kwa ina lake, Khairiya."

Jeilani alifuta mikono kwa kitambaa. Alifuta kidole kimoja kimoja, muda mrefu.

"Sikumzika, mama," alisema.

"Nayua, mwanangu. Ndipo nikaenda."

Jeilani aliinama akaubusu mkono wake. Kisha akakaa chini kando ya gurudumu, akalia. Madi alizima injini, akamngoja.